Aya katika habari za michezo: urefu wake na wepesi wa kusomeka

Msomaji wa kurasa za michezo hana subira. Anataka kujua matokeo, mfungaji na sababu, tena kwa utaratibu huo. Namna mwandishi anavyozigawa aya zake ndiyo huamua iwapo msomaji huyo ataelewa mechi ilivyokwenda, au ataondoka na matokeo peke yake.

Makala haya yanaeleza chanzo cha desturi ya aya fupi magazetini na kuonyesha kwa nini vipimo vilivyotungwa kwa lugha nyingine haviifai lugha ya Kiswahili. Mifano mingi imetoka Guangzhou, jiji la kusini mwa China ambalo kandanda yake imeandikwa sana, kwa sifa na kwa aibu.

Jiji la magazeti na kandanda

Guangzhou, makao makuu ya jimbo la Guangdong, ni mji wenye mizizi mirefu katika uandishi wa habari nchini China. Gazeti la Yangcheng Wanbao, linalotoka jioni, lilianza kuchapishwa huko mwaka 1957. Mwaka 1980 likazaliwa Zuqiu, gazeti la michezo ambalo jina lake maana yake ni kandanda. Katika uwanja wa Tianhe jijini humo ndiko ilikochezwa fainali ya Kombe la Dunia la kwanza la wanawake, tarehe 30 Novemba 1991, ambapo Marekani iliishinda Norway 2-1.

Jiji hilo halikosi wasomaji wa Kiswahili. Eneo la Xiaobei, katika wilaya ya Yuexiu, limejulikana kwa miaka mingi kuwa kituo cha wafanyabiashara kutoka Afrika. Mechi inayoanza saa kumi jioni Dar es Salaam huwakuta huko saa tatu usiku. Asiyeweza kuitazama huisoma ripoti yake kwenye simu, na kioo cha simu ni chembamba kama safu ya gazeti.

Kichina chenyewe kina somo la kutoa. Maandishi yake hayaachi nafasi kati ya neno na neno, hivyo jicho hutegemea alama za uandishi na mwanzo wa aya, ambao kwa kawaida huonyeshwa kwa nafasi tupu ya herufi mbili. Aidha, maandishi hayo hubeba mengi katika nafasi ndogo. Neno "mshambuliaji" lina herufi 12 kwa Kiswahili. Kwa Kichina huandikwa kwa herufi mbili tu. Safu moja ya gazeti la Guangzhou, basi, inaweza kumaliza shambulio zima pale ambapo safu ya Kiswahili ingali katikati ya uwanja.

Kwa nini aya za magazeti ni fupi

Sababu ya kwanza ni safu. Ikiwa mstari mmoja wa safu unabeba herufi 30 hivi, aya ya herufi 400, ambayo kitabuni huonekana fupi, hufika mistari 13 au 14. Ukurasani hugeuka ukuta wa wino.

Sababu ya pili ni makasi ya mhariri. Tangazo likiingia dakika ya mwisho, habari hupunguzwa kuanzia chini. Aya fupi zinazojitegemea hukatika bila kuacha jeraha.

Sababu ya tatu ni tabia ya jicho. Uchunguzi wa taasisi ya Poynter ya Marekani uliojulikana kwa jina la Eyetrack III, ambao matokeo yake yalitangazwa mwaka 2004, ulionyesha kwamba katika kurasa za intaneti habari zenye aya fupi zilivuta jicho la msomaji mara mbili zaidi ya zile zenye aya ndefu.

Katika Afrika Mashariki kuna sababu ya nne: sikio. Magazeti ya michezo husomwa kwa sauti vijiweni, mmoja akisoma na wengine wakisikiliza, na kila asubuhi vituo vya redio na televisheni huwasomea watu habari za magazeti. Aya isiyo na pumziko humchosha msomaji na kumpoteza msikilizaji.

Kipimo cha Kiingereza hakipimi Kiswahili

Mwaka 1948 Rudolf Flesch, msomi mzaliwa wa Vienna aliyehamia Marekani, alitoa kanuni ya kupima wepesi wa maandishi ya Kiingereza. Shirika la habari la Associated Press lilimtumia kama mshauri. Kanuni yake huhesabu maneno katika kila sentensi na silabi katika kila neno. Alama 60 hadi 70 humaanisha maandishi ya kawaida. Alama zikishuka kuelekea sifuri, maandishi ni magumu mno.

Tuchukue sentensi hii: "Mshambuliaji alifunga bao dakika ya tisini." Ina maneno sita na silabi 19. Kwa kanuni ya Flesch hupata takriban alama 67 chini ya sifuri, yaani ni ngumu kuliko maandishi magumu kabisa ya Kiingereza. Lakini mtoto wa shule ya msingi huielewa mara moja.

Kosa halimo katika sentensi. Kiswahili hukusanya mtendaji, wakati na mtendewa ndani ya neno moja. "Alimpigia" ni neno moja lenye kazi ya maneno manne au matano ya Kiingereza. Kwa hiyo kanuni ya kwamba aya isizidi idadi fulani ya maneno, ikichukuliwa kama ilivyo kutoka vyumba vya habari vya London au New York, hupima kitu kingine kabisa.

Fainali moja, ripoti tatu

Tarehe 9 Novemba 2013 Guangzhou Evergrande ilitwaa ubingwa wa vilabu vya Asia katika uwanja wa Tianhe. Mechi hiyo ni mfano mzuri kwa sababu bingwa alipatikana kwa sare. Ripoti zifuatazo zimetungwa kwa ajili ya makala haya. Ya kwanza inajaza kila kitu katika aya moja:

"Guangzhou Evergrande, iliyotoka sare ya 2-2 na FC Seoul nchini Korea Kusini tarehe 26 Oktoba na ambayo inafundishwa na Marcello Lippi aliyeipa Italia Kombe la Dunia mwaka 2006, jana ilitawazwa bingwa wa Asia baada ya sare ya 1-1 ambapo Elkeson alifunga kabla ya Dejan Damjanović kusawazisha, na hivyo ikashinda kwa mabao ya ugenini."

Hakuna kilichokosewa, lakini jambo kuu limezikwa katikati. Ripoti ya pili inakimbilia upande mwingine:

"Guangzhou ni bingwa.

Ilitoka sare.

Elkeson alifunga.

Damjanović alisawazisha.

Sheria ya ugenini iliamua."

Hii inasomeka upesi, ila haielezi. Msomaji anabaki akijiuliza sare imeletaje kombe. Ripoti ya tatu inampa kila tukio aya yake:

"Guangzhou Evergrande ndiyo bingwa mpya wa Asia, ingawa jana haikumshinda mpinzani wake.

Elkeson aliifungia Guangzhou kabla ya dakika ya 60. Shangwe za Tianhe hazikudumu: dakika chache baadaye Dejan Damjanović aliisawazishia FC Seoul, na mechi ikaisha 1-1.

Mechi ya kwanza mjini Seoul ilikuwa imeisha 2-2. Jumla ikawa 3-3, lakini Guangzhou ilikuwa na mabao mawili ya ugenini na Seoul ilikuwa na moja tu. Tofauti hiyo ndiyo iliyoleta kombe Guangzhou."

Aya ya tatu ndiyo ndefu kuliko zote, na ndivyo inavyostahili. Ina hesabu, na hesabu ikikatwa vipande viwili haieleweki.

Nani alimpa nani?

Kiswahili kina mtego wake katika kugawa aya. Wachezaji wote, pamoja na refa na kocha, wamo katika ngeli moja. "Akampasia, naye akamrudishia, akapiga" ni sentensi tamu kwa aliyeutazama mchezo. Kwa asiyeutazama, haijulikani nani alipiga. Ikiwa majina yametajwa katika aya iliyotangulia, msomaji hulazimika kurudi nyuma, na msikilizaji hana pa kurudi. Kwa hiyo aya mpya ianze na jina, si na kiambishi.

Kiambishi "-ka-" nacho hudai uangalifu. Huunganisha matendo yanayofuatana: alipokea mpira, akageuka, akamhadaa beki, akapiga. Mfululizo huo ni pumzi moja na mahali pake ni aya moja. Mwandishi akiukata katikati na kuanza aya mpya kwa "Akapiga", mpira huwa umebaki aya ya juu. Mfululizo ukiisha, aya iishe. Aya mpya ianze tena na "-li-".

Mtego huu huonekana zaidi katika habari zilizotafsiriwa kutoka mashirika ya Kiingereza, ambayo mara nyingi huweka sentensi moja katika kila aya. Mfasiri akifuata mgawanyo huo bila kufikiri, viambishi hubaki vikielea.

Aya fupi inapodhulumu

Hadi hapa hasara ni ya uelewa tu. Katika habari za rushwa, hasara ni ya heshima za watu.

Mwezi Februari 2010 Chama cha Soka cha China kiliishusha daraja klabu ya Guangzhou kwa kupanga matokeo. Mechi iliyohusika ilichezwa mwaka 2006, klabu ilipokuwa daraja la pili. Kampuni ya Evergrande iliinunua Machi 2010, yaani baada ya adhabu. Sasa tuseme mwandishi ameweka "yashushwa kwa kupanga matokeo" katika aya ya kwanza na mwaka 2006 katika aya ya tano, kisha mhariri akakata aya mbili za mwisho. Kinachobaki ni kweli neno kwa neno, lakini wachezaji waliosajiliwa baadaye wameingizwa katika hatia isiyo yao.

Refa Lu Jun, aliyechezesha Kombe la Dunia la 2002, alihukumiwa mwezi Februari 2012 kifungo cha miaka mitano na nusu kwa kupokea rushwa. Katika kesi yake hukumu ilitolewa na mahakama. Marefa wengi wanaotuhumiwa kurasani, hata kwetu, hawajafika mbele ya hakimu yeyote. Tuhuma, aliyeitoa na jibu la mtuhumiwa vikae katika aya moja, hata kama aya hiyo itarefuka, ili makasi yasiweze kuvitenganisha.

Historia ya klabu yenyewe inaonyesha ni habari zipi zinazodai aya ndefu. Ilitwaa ubingwa wa China mara saba mfululizo, kuanzia 2011 hadi 2017, ikauchukua tena mwaka 2019, na ikawa bingwa wa Asia kwa mara ya pili mwaka 2015. Kisha madeni ya mmiliki wake yakaibana, ikashuka daraja mwaka 2022, na mwezi Januari 2025 ikavunjwa baada ya kunyimwa leseni ya kucheza. Orodha ya makombe huenea katika mstari mmoja. Sababu za anguko haziwezi kuenea humo.

Mambo ya kuzingatia

Matokeo na maana yake viwe katika aya ya kwanza, kwa sentensi moja au mbili.

Kila shambulio, bao au uamuzi wa refa upewe aya yake, ikianza na jina la mhusika.

Maelezo ya sheria, hesabu za pointi na sababu za matokeo yasigawanywe kwa ajili ya kupendeza macho.

Tuhuma isitenganishwe na jibu lake, wala na tarehe yake.

Kabla ya kuituma, habari isomwe kwa sauti. Msomaji akiishiwa pumzi, aya ni ndefu. Anayesikiliza akiuliza "nani?" au "kwa nini?", aya imekatwa mapema.