Chupa Inaingia Tsavo Bila Tiketi

Nikimwambia mtu naandaa siku ya kusafisha ufuo hapa Voi, kwanza anacheka. "Ufuo gani, manze? Wa vumbi?" Namwelewa. Kutoka hapa hadi Mombasa ni kama kilomita 150, na wengi wetu bahari tuliiona mara ya kwanza kwa safari ya shule, tumebanana watatu kwa kiti kimoja.

Lakini cheki ramani. Mto Voi unaanzia milima ya Taita, unashuka, unapita mjini, unaingia Tsavo Mashariki mpaka bwawa la Aruba lililojengwa 1952. Ukijaa, unaendelea kuelekea Kilifi, ambako wanauita Goshi. Upande wa Taveta, maji ya Ziwa Jipe yanatoka kwa Mto Ruvu, yanaingia bwawa la Nyumba ya Mungu kule Tanzania, yanafuata Mto Pangani mpaka Bahari Hindi. Kwa hivyo sisi hatuna bahari, lakini bahari inatujua. Inatujua kwa takataka zetu.

Na kuna kitu kingine kinaniuma. Tangu 5 Juni 2020, serikali ilipiga marufuku plastiki za kutumia mara moja ndani ya mbuga, misitu na fuo za Kenya. Ukienda geti la Tsavo na chupa yako ya maji ya dukani, utaambiwa uiache. Sawa kabisa. Lakini ile chupa uliyoitupa mtaroni mjini inangoja mvua, inashuka na mto, inaingia mbuga ile ile. Haiulizwi kitambulisho. Haikati tiketi.

Sasa niwape kisa changu, na sio cha kujisifu. Msimu mmoja tulikusanyika vijana kama ishirini, wengine wametoka Sofia, wengine Mwakingali. Mto ulikuwa mkavu, mchanga mtupu, vile huwa miezi mingi. Tukaokota tangu asubuhi hadi saa saba mchana. Tukajaza magunia 14. Tulikuwa tumeahidiwa gari la kuyabeba. Gari halikuja. Tukayapanga kando ya mto, tukapiga picha nzuri sana, tukaenda kula chapo madondo. Picha zilipendwa na watu kuliko kitu kingine chochote nilichowahi kuweka.

Siku tatu baadaye ikanyesha milimani. Mto ukashuka usiku. Asubuhi nikaenda kuangalia, sikupata hata gunia moja. Fikiria hiyo. Takataka ambazo zingekwama kwa vichaka njiani, sisi tulizikusanya, tukazifunga vizuri kwa kamba, tukazipa usafiri wa pamoja.

Nilinyamaza wiki nzima. Halafu nikaanza kusoma: hii mambo ya kuokota takataka ufuoni ilianza wapi, na ni nani aliwahi kuifanya ikafaulu? Nilichopata kimenibadilisha mawazo, na ndio sababu naandika.

Twende Texas, Marekani, 1986. Kulikuwa na mama anaitwa Linda Maraniss, alikuwa amehamia huko, akashtuka kuona pwani imejaa takataka. Akashirikiana na mwenzake Kathy O'Hara, ambaye alikuwa amefanya utafiti kuhusu plastiki baharini. Mwezi wa Septemba mwaka huo wakatoa watu 2,800. Wakaokota tani 124. Leo ile siku imekuwa ya dunia nzima, kila Septemba, na hata Wakenya hushuka ufuoni kila mwaka.

Lakini tani 124 sio hadithi yenyewe. Hadithi ni kwamba kila mtu alipewa karatasi na kalamu. Ukiokota kifuniko, unaandika kifuniko. Ukiokota kamba ya meli, unaandika kamba ya meli. Jioni hawakuwa na rundo tu, walikuwa na ushahidi. Na ule ushahidi ulionyesha kwamba takataka nyingine hazikutupwa na watu wa pale ufuoni, zilitupwa kutoka melini. Wakaupeleka kwa wanaotunga sheria. Marekani ikaridhia mkataba wa kimataifa kuhusu jambo hilo, na kuanzia 31 Desemba 1988 meli zikakatazwa kutupa plastiki yoyote baharini.

Umeona tofauti? Sisi tulihesabu magunia. Wao walihesabu vilivyokuwa ndani ya magunia.

Turudi nyumbani. Mwishoni mwa miaka ya 1990, kisiwa cha Kiwayu, kaunti ya Lamu, mawimbi yalikuwa yanaleta malapa kutoka kila pembe ya Bahari Hindi. Watoto wa pale walikuwa wanayachonga vitu vya kuchezea. Mwanasayansi wa bahari, Julie Church, akaona vile vitu, akawahimiza kina mama wakusanye malapa, wayaoshe, wayachonge, wayauze. Mpaka leo kuna sanamu za tembo na twiga za malapa zinauzwa nchi za nje. Kutoka Lamu hiyo hiyo, 15 Septemba 2018, ikashushwa majini dau la Flipflopi, lililoundwa na fundi Ali Skanda na wenzake kwa tani 10 hivi za plastiki iliyookotwa, na kupambwa kwa malapa karibu 30,000. Mapema 2019 likasafiri kutoka Lamu mpaka Zanzibar, kama kilomita 500. Ujumbe wao ulikuwa mwepisi: kama plastiki inadumu kiasi cha kubeba watu baharini, kwa nini tunaitumia dakika tano na kuitupa?

Halafu kuna jamaa ninayempenda kuliko wote kwa hii hadithi, kwa sababu hakuwa na chombo wala cheo. Alikuwa na kamera. James Wakibia, mpiga picha wa Nakuru. Alikuwa anapita karibu na jaa la Gioto, anaona mifuko ya plastiki imetapakaa hadi barabarani. Akaanza kupiga picha na kuziweka mtandaoni, kila siku, akidai mifuko ipigwe marufuku. Kumbuka serikali ilikuwa imeshajaribu 2007, ikakwama. Ikajaribu tena 2011, ikakwama. Wenye viwanda walikuwa na nguvu. Lakini safari hii kelele zilikuwa za mtaani, na picha zilikuwa haziishi. Februari 2017 waziri Judi Wakhungu akatangaza marufuku, na 28 Agosti 2017 ikaanza kufanya kazi. Faini ikawa kati ya milioni 2 na milioni 4, au jela hadi miaka 4. Wewe uliyezaliwa juzi huenda hukumbuki ile mifuko ya madukani ikipepea kwa miti ya miiba kando ya barabara kuu kama maua. Mimi naikumbuka. Ilipotea, na sio kwa sababu kuna mtu aliiokota yote. Ilipotea kwa sababu bomba lilifungwa.

Hapo ndipo nilipoelewa makosa yetu. Kuokota ni kupiga deki wakati bomba linavuja. Lazima upige deki, la sivyo utateleza. Lakini ukipiga deki miaka kumi bila kumwita fundi, wewe sio shujaa, umezoea tu maji.

Na tusidhani kulinda mahali ni kitu kimekuja na wazungu wa Texas. Wazee wa Kitaita walikuwa na fighi, vipande vya msitu vilivyotengwa kulinda jamii, ambapo mtu hakati mti ovyo. Kulikuwa na wenyewe wanaojulikana, na kulikuwa na masharti. Baadhi ya hiyo misitu bado imesimama milimani. Hakukuwa na fulana zilizochapishwa wala bango la mfadhili. Kulikuwa na mtu wa kujibu ukiuliza, "Hapa ni pa nani?"

Hilo swali ndilo linalonisumbua nikifikiria Ziwa Jipe. Wengi wenu mmewahi kwenda? Ni ziwa lenye kina kifupi, Kilimanjaro nyuma yake, viboko ndani yake, na samaki, aina ya perege, anayeitwa kwa jina la ziwa lenyewe, Oreochromis jipe. Wataalamu wamemweka kwa orodha ya viumbe walio hatarini kabisa kutoweka. Ufuo wa Jipe unamezwa na magugu marefu, na udongo unaoshushwa na mito kutoka mashamba ya juu unalijaza ziwa polepole. Mvuvi anasukuma mtumbwi ndani ya magugu kabla hajaona maji.

Jipe ni pa nani? Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walikaa Ulaya wakachora mstari kutoka mdomo wa Mto Umba mpaka Ziwa Jipe, ukalizunguka ziwa, ukavuka Mto Lumi. Leo ziwa liko nchi mbili. Mwaka 1948 ikaja mbuga ya Tsavo, na sehemu ya ufuo wa upande wetu ikawa ndani ya mbuga. Ukijumlisha, kuna serikali mbili, kaunti moja, mbuga moja, wavuvi wa pande zote mbili na wakulima wa juu ambao huenda hawajawahi kuliona hilo ziwa. Wote wana sababu ya kusema ni kazi ya mwingine.

Na hapa lazima niwe mkweli: udongo hautiwi kwa gunia. Nikileta vijana 200 Jipe na glavu, tutaokota chupa na nyavu mbovu, tutapiga picha, na ziwa litaendelea kujaa tope. Ule ufuo utalindwa kule juu, kwa matuta ya mashamba, kwa miti kando ya Lumi, na kwa Kenya na Tanzania kukaa meza moja. Mtu akikuuzia wazo kwamba siku moja ya usafi inatosha, anakuuzia picha.

Basi tuache kuokota? Hapana. Sisi tunarudi mtoni, lakini kwa njia nyingine.

Kwanza, hakuna gunia litakaloshikwa kabla hatujajua linaenda wapi na nani analibeba. Hilo nimelilipia karo tayari.

Pili, kila watu wawili watapewa karatasi moja. Mmoja anaokota, mwingine anaandika: ni kitu gani, kimetoka kwa kampuni gani. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inasema mwenye kuzalisha bidhaa ana wajibu hata baada ya wewe kuitupa, na inazipa kaunti kazi ya kuweka mahali pa kuchambua taka. Hiyo sheria iko. Kinachokosekana ni mtu wa kuingia ofisini na karatasi yenye hesabu, aseme, "Kwa mita mia moja za mto tumepata hivi, na hivi, na hivi." Katiba yetu, kifungu cha 42, inasema mazingira safi ni haki yako. Kifungu cha 70 kinasema unaweza kwenda kortini kuidai bila hata kuthibitisha kwamba wewe binafsi umeumia. Ni wachache wanaojua hiyo.

Tatu, picha zangu zitabadilika. Nitapunguza kupiga sisi tukicheka na magunia. Nitapiga pale takataka zinapoingilia, mahali pale pale, kila mwezi, kama Wakibia na jaa lake. Najua hazitapendwa sana. Picha ya mtaro haina mvuto. Lakini ile iliyopendwa zaidi katika maisha yangu ilikuwa ya magunia 14 ambayo siku tatu baadaye yalikuwa njiani kwenda Aruba.

Mvua za vuli zikikaribia tutakuwa mtoni tena, mapema, kabla maji hayajashuka. Njoo na viatu vya kufunika vidole. Glavu tutatafuta. Kalamu beba yako.