Jina la Chura wa Amani

Majina mengi ya kitaalamu ya wanyama wetu yalizaliwa mbali na makazi yao. Mfano mmojawapo tunao mkoani Tanga.

Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti wa mimea na kilimo huko Amani, katika milima ya Usambara Mashariki. Wanyama waliokusanywa huko walipelekwa Ulaya, na mwaka 1909 George Albert Boulenger, mtaalamu wa makumbusho ya London, alieleza chura mmoja wa Amani ambaye leo huitwa Leptopelis vermiculatus. Neno la pili ni la Kilatini, nalo lataja vistari vyeusi vilivyojipinda mithili ya minyoo kwenye ngozi ya kijani ya baadhi ya vyura hao. Mfasiri akiandika “chura wa minyoo”, msomaji atadhani kwamba mnyama huyu ana maradhi.

Kwa Kiingereza hupewa jina lenye maana ya “chura wa mti wa msitu wa Amani”. Neno “Amani” twaweza kulibakiza, maana ndipo alipojulikana kwanza na wataalamu, ingawa anapatikana pia Udzungwa. Neno “mti” ndilo lenye kasoro. Ni kweli kwamba dume hulia usiku akiwa juu ya matawi. Lakini mayai hutagwa ardhini, yakafukiwa katika udongo karibu na maji, na viluwiluwi hukulia majini. Basi makazi yake ni matatu: tawi, udongo na kijito.

Jambo hili si la wanalugha peke yao. Katika Usambara Mashariki wakulima wamekuwa wakipanda iliki chini ya miti mirefu, baada ya kufyeka vichaka. Ukitazama kwa mbali, msitu ungali umesimama. Chini yake udongo umebaki wazi. Mtumishi asomaye “chura wa mti” aweza kuridhika kwamba miti ikiwapo chura naye yupo.

Amani imekuwa hifadhi ya mazingira asilia tangu mwaka 1997, na maelezo yake yahitaji kuandikwa kwa Kiswahili kilicho sahihi. Kwa hiyo twapendekeza “chura-msitu wa Amani”. Msitu una miti, udongo na maji. Nalo jina halitaacha hata kimoja.