Watu wa Chini ya Maji: Neno *Karuara* na Haki za Mto Marañón nchini Peru

Makala haya yanachunguza neno moja, *karuara*, na nafasi yake katika historia ya kuulinda mto Marañón, ambao huungana na mto Ucayali karibu na mji wa Nauta na kuunda mto Amazon.

Mfasiri wa Kiswahili angeshawishika kulitafsiri neno hilo kuwa *mizimu*. Tafsiri hiyo inapotosha. Mzimu kwetu ni roho ya aliyefariki. *Karuara*, kwa Wakukama, ni watu wenye miji yao chini ya maji. Aliyezama na mwili wake usionekane huaminiwa kuwa anaishi huko pamoja nao. Kwa hiyo anayeuchafua mto huharibu makazi ya ndugu.

Makazi hayo yamekuwa hatarini tangu miaka ya 1970, bomba la mafuta la kaskazini mwa Peru lilipojengwa. Mafuta yamevuja mara nyingi. Mwaka 2014 yalivuja Cuninico, jamii ya Wakukama inayotegemea uvuvi. Mwaka 2021 shirikisho la wanawake wa Kikukama, Huaynakana Kamatahuara Kana, likiongozwa na Mari Luz Canaquiri Murayari, lilifungua kesi. Machi 2024 mahakama ya Nauta ilitamka kwamba Marañón una haki, zikiwemo haki ya kutiririka na ya kutochafuliwa, na ikawatambua wenyeji kuwa walinzi wake. Mwaka huohuo mahakama ya rufaa ya Loreto iliithibitisha hukumu hiyo.

Katika Kiswahili, *mtu* na *mto* hutofautiana kwa irabu moja, lakini ngeli huyatenga: mtu anaishi, mto unapita. *Mzimu* nao tumeuweka katika ngeli ya mto. Mshauri wa sera akisoma “mizimu” ataandika “imani za wenyeji” na kufunga jalada. Akisoma “watu” atalazimika kuuliza iwapo wakaazi hao wamezingatiwa.

Hukumu peke yake haisafishi maji. Isitoshe, Kikukama leo kimebaki hasa vinywani mwa wazee. Kikitoweka, hoja iliyousaidia mto kupata haki itabaki katika tafsiri za wengine. Tunapendekeza, basi, kwamba tathmini yoyote ya mazingira ya mto ianze kwa kuwauliza wenyeji, kwa lugha yao, ni nani anayeishi humo.