Sokwe Aliyepita Juu ya Migomba ya Karagwe

Mpe mtoto wa Kanoni, hapa kwetu Karagwe, kitabu chenye picha ya fisi ndani ya roketi, sungura kashika usukani, atacheka kabla hujamsomea neno. Wanyama wanaofanya ya watu tunao tangu ngano za bibi. John Kilaka, mzaliwa wa Sumbawanga, amewachora kwa mtindo wa Tingatinga na vitabu vyake vikasomwa hadi Ulaya. Lakini yupo mnyama aliyesafiri kweli, na safari yake ilikatiza kwetu.

Ni sokwe kutoka Kameruni, jina lake Enos. Warusi walikuwa wamekwisha kumzungusha mwanaanga wao Gagarin. Wamarekani, kabla ya kuthubutu kumpeleka mtu wao kwenye mzunguko wa dunia, walimtanguliza Enos kutoka Florida tarehe 29 Novemba 1961, siku 10 kabla ya Uhuru wa Tanganyika. Miongoni mwa vituo vya kumfuatilia, kimoja kilikuwa Kano, Nijeria, na kinachofuata Zanzibar. Weka rula kwenye ramani kati ya miji hiyo miwili: inalala juu ya Kagera, Karagwe yenyewe au jirani yake. Karibu kilomita 4,000 hizo chombo kilizimaliza kwa dakika 8 au 9, mnamo saa 12 na nusu jioni ya huku, wakati mifugo inarudi zizini.

Enos alikuwa kazini. Alionyeshwa maumbo matatu, mawili yanafanana, naye avute kishikio cha lile lililo tofauti. Akikosea, anapigwa shoti ya umeme unyayoni. Katika kazi nyingine, akipatia alidondoshewa tembe yenye ladha ya ndizi. Huko juu mtambo ukaharibika, ukawa unampiga shoti hata anapopatia. Hakubadili jibu. Aliumizwa kwa kuwa sahihi, na akaendelea kuvuta kishikio sahihi. Kila nikisoma habari hiyo moyo unaniuma.

Ilipangwa azunguke mara 3. Hitilafu zikamfanya ashushwe baada ya mara 2, baharini upande wa Bermuda, akiwa amesafiri kwa muda wa saa 3 na dakika 21.

Kituo cha Zanzibar kilikuwa Tunguu. Wananchi wengi walikipinga hadharani, wakihofia ni cha makombora, na katika miaka ile ya siasa kali nani angewalaumu? Februari 1962 mwanaanga wa Marekani, John Glenn, akapita njia ile ile aliyotanguliwa na sokwe, akazungumza na Zanzibar kwa redio. Mwaka 1964, baada ya Mapinduzi, kituo kikafungwa.

Enos alikufa Novemba 1962 kwa kuhara damu, maradhi yasiyohusiana na safari yake. Ninawaomba wachoraji wetu wamtie kitabuni, tena kitabu cha kuchekesha: sokwe mwenye tembe mdomoni, chini yake migomba ya Karagwe, pembeni watu wa Tunguu wamekunja ngumi. Ila ukurasa wa shoti usirukwe.