Saratani ya matiti iliyosambaa (Rungwe)

Saratani ya matiti iliyosambaa, au ya hatua ya nne, ni saratani iliyoanzia kwenye titi, kisha seli zake zikafika sehemu nyingine za mwili, hasa mifupa, mapafu, ini au ubongo. Hata ikikutwa kwenye ini, hutibiwa kama saratani ya matiti kwa kuwa seli ni za titi. Wengine huipata miaka mingi baada ya matibabu ya kwanza. Wengine hugunduliwa ikiwa tayari imesambaa. Miongoni mwa wanawake wa Tanzania, saratani ya matiti ni ya pili kwa wingi baada ya ile ya shingo ya kizazi.

Dalili

Rungwe ni wilaya ya chai, migomba na viazi, hivyo maumivu ya mgongo hudhaniwa upesi kuwa ya jembe na mikungu. Lakini uchovu wa shamba hupungua mtu akilala. Maumivu ya mfupa wenye saratani mara nyingi huzidi usiku. Dalili nyingine ni kukohoa kusikokoma, kupumua kwa shida, macho ya manjano na kukonda. Miguu ikiishiwa nguvu ghafla au haja ikishindwa kuzuilika, hiyo ni dharura.

Utambuzi

Mkazi wa kata ya Lupepo huanzia kituo cha karibu, akapewa rufaa kwenda mjini Tukuyu, kisha Mbeya, umbali wa takriban kilomita 70 kutoka Tukuyu. Eksirei, ultrasaundi au siti skani huonyesha ugonjwa ulipofika, lakini jibu la uhakika hutoka kwenye kipimo cha kinyama kinachotolewa mwilini. Mgonjwa huchomwa ganzi. Sindano nene hutoa kipande chembamba kama uzi, kikatumbukizwa kwenye fomalini. Maabara hutafuta pia vipokezi vya homoni na protini ya HER2, maana ndivyo vinavyoamua dawa.

Matibabu na maisha

Kwa kawaida ugonjwa hauponi kabisa, ila hudhibitiwa, na wapo wanaoishi nao miaka kadhaa. Mwenye vipokezi vya homoni anaweza kutumia tamoksifeni, kidonge cha kila siku anachomeza nyumbani; wengine huhitaji dawa za kemo. Mionzi hutuliza maumivu ya mfupa. Hutolewa, miongoni mwa vituo vingine, na Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, karibu kilomita 900 kutoka Tukuyu. Nauli na mahali pa kulala ni sehemu ya gharama. Tiba shufaa, yaani ya kupunguza maumivu na mateso, ikiwemo mofini ya kunywa, huanza mapema sambamba na dawa nyingine, haisubiri siku za mwisho.