Alfred Yarrow na Wapagazi wa Shire: Nani Aliyeijenga Meli ya Ziwa Nyasa?

Mkazi wa Makambako, mji ambako barabara ya Songea inaachana na ile ya Mbeya, hana sababu kubwa ya kuwazia meli. Hata hivyo mkoa wake wa Njombe una mwambao: wilaya ya Ludewa inateremka hadi Ziwa Nyasa, kwenye Lupingu na Manda. Milima inayosimama juu ya maji hayo huitwa Livingstone, jina lililotolewa na baharia Mwingereza E. D. Young alipolizunguka ziwa mwaka 1875 kwa Ilala, meli ya kwanza ya mvuke kuelea humo. Ilala ilitoka katika karakana ya Mwingereza Alfred Yarrow, kando ya mto Thames, London. Wasifu wa Yarrow husimulia kwamba ndiye aliyeijenga. Makala haya yanadai kwamba hiyo ni nusu tu ya habari.

Yarrow alizaliwa London mwaka 1842. Alijifunza ufundi wa injini za meli, akafungua karakana yake akiwa kijana, na kabla ya 1875 alikwisha kuunda mamia ya mashua ndogo za mvuke. Baadaye alipata sifa kwa boti za torpido na kwa boila iliyoitwa kwa jina lake, akahamishia kiwanda Glasgow, akapewa cheo cha ubaroneti mwaka 1916, akafariki 1932. Hayo yanajulikana vya kutosha. Linalotuhusu sisi ni mbinu moja: kuunda meli inayofunguliwa vipande, ikasafirishwa, ikaungwa upya mbali na kiwanda.

Ilala ilifikishwa kwenye mdomo wa Zambezi, ikaungwa, ikapanda mto huo na kuingia mto Shire. Hapo maporomoko yakaizuia. Ikafunguliwa tena: mabamba, mataruma, injini na boila. Wapagazi wapatao 800 waliihamisha nchi kavu kwa takriban kilomita 100, na kumbukumbu za safari hiyo zinasema mizigo ilifika kamili. Anayejua ufundi wa merikebu ataona uzito wa jambo hili. Bamba moja likipotea au kupinda, hakuna karakana ya kulifua jingine. Meli iliungwa tena juu ya maporomoko, na tarehe 12 Oktoba 1875 ikaingia ziwani.

Yapo mabishano yanayostahili kujibiwa. Mtu atasema kubeba si kujenga. Mchukuzi wa mizigo bandarini hahesabiwi kuwa mwashi wa nyumba itakayojengwa kwa saruji aliyoibeba. Jibu langu linatoka katika historia yenyewe. David Livingstone, mmisionari na mvumbuzi ambaye milima ile ilipewa jina lake, alikwisha kujaribu jambo hilo hilo. Mwaka 1862 aliletewa Lady Nyassa, meli ya vipande, iliyoundwa Glasgow kwa fedha zake mwenyewe kwa ajili ya ziwa hili hili. Haikufika. Kufikia 1863 bonde la Shire lilikuwa limeharibiwa na ukame, njaa na uvamizi wa wauza watumwa. Hapakuwa na watu wa kutosha wala chakula cha kuwalisha, na serikali ya Uingereza ikaamuru msafara wake urudi. Livingstone aliipeleka meli hiyo Bombay mwaka 1864, akaiuza. Ufundi wa Uingereza ulikuwapo mara zote mbili. Kilichotofautiana ni nguvu ya watu wa Shire. Ikiwa kukosekana kwao kuliifanya meli moja isiwe meli ya Ziwa Nyasa kamwe, basi kazi yao kwa ile nyingine ilikuwa sehemu ya ujenzi.

Ushahidi hauishii hapo. Chauncy Maples, meli ya wamisheni wa Kianglikana wa UMCA (Universities' Mission to Central Africa) iliyoundwa Glasgow mwaka 1899, ilisafirishwa ikiwa vifurushi 3,481, na boila yake ilikokotwa na Wangoni wapatao 450.

Wala tusimfanye Yarrow kuwa mtakatifu. Ilala ilinunuliwa na wamisheni waliotaka kuukomesha utumwa. Miaka 15 baadaye, mwaka 1890, kiwanda hicho hicho kilileta Zambezi manowari za vipande, Herald na Mosquito, kuulinda ubeberu wa Uingereza. Alimuuzia aliyelipa. Ufundi uliotegemea mabega ya Waafrika uligeuka haraka kuwa chombo cha kuwatawala, na mwandishi wa wasifu anayeliruka hilo hamtendei haki msomaji.

Leo ipo ziwani meli ya mizigo iitwayo MV Njombe, yenye uwezo wa tani 1,000. Pamoja na mwenzake MV Ruvuma, ilikamilishwa mwaka 2017 huko Itungi, Kyela, na kampuni ya Songoro ya Mwanza. Meli hizi zimejengwa na Watanzania, ufukoni mwa ziwa lenyewe, hali Ludewa ina chuma cha Liganga na makaa ya mawe ya Mchuchuma yanayosubiri kiwanda. Tukiandika historia ya meli hizi kama ilivyoandikwa ya Ilala, litabaki jina la kampuni na la mgeni rasmi.

Majina ya wapagazi 800 hayakuandikwa. Ya wachomeleaji wa Itungi bado yanaweza kuandikwa, nao wengi wangali hai. Nawaomba walimu wa historia wa Njombe, Makambako na Ludewa wawatume wanafunzi wao wakayakusanye.