Makinga Maji: Kuzuia au Kupokea?

Ukimwambia fundi wa Chalinze akuchimbie makinga maji, muulize kwanza ameelewa nini. Neno lenyewe halina kosa. Mabwana shamba wamelitumia miaka nenda rudi, wakulima wanalijua, na hakuna anayehitaji kamusi. Shida ni kwamba linaeleweka upesi mno, na kila mtu analielewa kivyake.

Kitenzi kukinga kina kazi nyingi. Tunakinga jua kwa kiganja, chanjo inakinga mwili usipate surua. Hapo ni kuzuia kitu kisitufikie. Lakini mvua ikianza na mama akapiga kelele kutoka jikoni, "Kingeni maji!", hakuna mtoto anayekwenda kuziba mlango. Wote wanakimbilia ndoo na masufuria, wanayapanga chini ya bati. Hapo kukinga ni kupokea. Na iko maana ya tatu, jirani ya hizo mbili, ya kulala kwa kukatiza: mti ulioanguka umekingama barabarani, magari hayapiti.

Shambani maana zote tatu zinakutana kwenye mfereji mmoja, na hapo ndipo pesa ya mtu inapopotelea. Wataalamu wa hifadhi ya udongo wana mifereji miwili iliyo tofauti kabisa kwa kazi. Wa kwanza unachimbwa sawasawa, hauinami upande wowote, na ncha zake zimezibwa. Maji yakiingia hayana pa kwenda. Yanatuama, kisha yanazama ardhini. Wa pili una mwinamo mdogo sana, tuseme nusu mita kwa kila mita 100, na mwisho wake uko wazi. Huo unayapokea maji yanayotoka juu na kuyatembeza polepole hadi pembeni, kwenye njia ya maji iliyoota nyasi. Mmoja unayaweka, mwingine unayatoa. Yote miwili, ukiwauliza watu, ni makinga maji.

Chalinze ni mahali ambapo tofauti hiyo haisameheki, maana ardhi yake haiko namna moja. Kiwangwa, kwenye mananasi, udongo una mchanga na unakunywa maji kwa haraka. Ukishuka mabondeni unakuta ule mfinyanzi mweusi unaopasuka kiangazi hadi kiatu kinazama kwenye ufa, na masika ukilowa unageuka gundi. Mfereji sawa kwenye mchanga ni hazina. Mfereji huohuo kwenye mfinyanzi unajaa, unakataa kunywa, unafurika mahali palipo dhaifu, na maji yote yaliyokusanywa yanatokea pale kwa pamoja. Asubuhi unakuta korongo ambalo jana halikuwepo. Aliyetaka kuzuia mmomonyoko ameuchimbia mlango.

Halafu kuna hesabu, ambayo ningependa ibandikwe kwenye kila ofisi ya kijiji. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Ekari moja ina mita za mraba zipatazo 4,047. Mvua moja nzuri ya vuli yenye milimita 30 inamwaga kwenye ekari hiyo lita zaidi ya 121,000. Boza la lita 10,000 lingehitaji kuja mara kumi na mbili. Kwa madumu ya lita 20, ni zaidi ya madumu 6,000. Chalinze ni nchi ambayo watu wake wamezoea kununua maji kwa dumu, ambayo mradi wake mkubwa wa maji unavuta kutoka Mto Wami, na ambayo mazungumzo ya siasa hayamalizi dakika tano kabla maji hayajatajwa. Sehemu ya mvua hiyo itazama yenyewe, sehemu itakauka, lakini inayobaki inateremka hadi kalvati la barabara na kupotea, ikiwa imebeba samadi. Kwa Chalinze, basi, maana ya mama wa jikoni ndiyo ingetangulia: kinga maji, leta ndoo.

Nimefika hapa kwa njia ya neno jingine. Siku hizi wenye kazi zao Dar es Salaam wananunua ekari kadhaa Msata, Vigwaza, Kiwangwa, na wengi wanataka shamba lao "lipangwe kisasa". Wanakuja na mchoro wa kompyuta. Mchoro una geti, barabara iliyonyooka hadi kwenye nyumba, safu mbili za miashoki, bwawa la samaki lenye umbo la figo, na miche iliyopangwa kama vigae vya sakafuni. Wachoraji wanaiita kazi hiyo kupanga mandhari. Sina ugomvi na mandhari, ila neno hilo asili yake ni Kiarabu cha kutazama: mandhari ni kinachoonekana. Mchoraji aliyepewa neno la kutazama atachora cha kutazamwa. Ile barabara iliyonyooka kutoka getini hadi nyumbani, ikiwa inashuka na mteremko, masika ya kwanza ni mto. Ningempa mchoraji huyo neno sura ya ardhi, na kabla hajaweka mwashoki hata mmoja ningemwomba anionyeshe maji yanaingilia wapi na yanatokea wapi.

Ili kujibu swali hilo anahitaji kontua. Neno hili tulilipata shuleni, kwenye somo la ramani, likiwa limevikwa maelezo marefu: mstari unaounganisha sehemu zenye mwinuko sawa kutoka usawa wa bahari. Wengi waliliacha hukohuko darasani. Kwa watu wa pwani hii lingefundishwa kwa kutembea. Nenda ufukweni Bagamoyo baada ya maji ya bamvua kupwa. Utaona mstari wa mwani, vijiti na makombora ulioachwa mchangani pale maji yalipofika. Hauendi moja kwa moja. Unaingia penye kibonde, unatoka penye kichuguu, lakini kila mahali unapopita ni kimo kimoja, kwa sababu maji yaliusimamia yenyewe. Mstari huo ni kontua.

Kwa hiyo kontua haichorwi kwa rula, na mfereji unaoifuata hauwezi kunyooka isipokuwa mteremko wenyewe umenyooka. Mwenye shamba akiona mafundi wanapinda anadhani wanamwibia. Dereva wa trekta naye hapendi. Analipwa kwa ekari, na ekari inaisha haraka akivuta mistari mirefu yenye kona chache. Kama mteremko unaelekea upande huo, plau lake linachora mamia ya vijito kutoka juu hadi chini, vyote vikiwa tayari kwa mvua. Kubalianeni bei ya kulima kwa kukinga mteremko kabla hajawasha injini. Akishapiga haro, mmekwisha chelewa.

Kuhusu vyombo, watu wengi wanaanza na simu, na simu ina matumizi yake: kupima mipaka, kuhesabu ekari, kuona shamba kutoka angani. Kwa kontua haifai. Kipimo chake cha mahali kinakosea kwa mita kadhaa, na cha kimo kinakosea zaidi. Shamba lenye mteremko wa asilimia 3 linashuka mita 3 tu katika mita 100. Kosa la simu linameza shamba zima. Ramani nyingi za bure za miinuko nazo zinatokana na vipimo vilivyochukuliwa na chombo cha anga Endeavour mwezi Februari 2000, na kila kipande chake kina upana wa takriban mita 30. Ekari yako inaingia vipande vinne na kitu. Zinakuonyesha kilima, hazikuonyeshi tuta.

Droni, au ndege nyuki kama magazeti yanavyoiita, ni jambo jingine. Zanzibar iliionyesha njia Afrika nzima kuanzia mwaka 2016, pale Kamisheni ya Ardhi na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar walipoanza kupiga picha Unguja na Pemba kwa droni, na picha zikatoka na maelezo ya kufikia sentimita chache. Kwa shamba la Chalinze picha ya namna hiyo inafichua mambo ambayo mtu akisimama chini hayaoni: korongo linaloanzia kwa jirani, njia ya ng'ombe, mahali ambapo maji ya barabarani yanaingilia. Kuna mawili ya kukumbuka. Kuirusha kunahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, hata kama ni juu ya mihogo yako mwenyewe. Na kamera haioni udongo. Inaona kilicho juu ya udongo. Ikirushwa mwezi Aprili itakupimia vichwa vya mahindi. Isubiri mwisho wa kiangazi, nyasi zikiwa zimekauka au zimefyekwa.

Kuchora mstari wenyewe ardhini, hata hivyo, bado kunafanywa vizuri zaidi kwa vyombo ambavyo Kiswahili kilishavipa majina kabla wataalamu hawajafika. Fundi ujenzi ana pimamaji na timazi, na ana mpira wa maji: bomba jembamba linaloonyesha ndani, limefungwa kwenye fito mbili zenye alama. Watu wawili wanasimama umbali wa mita kumi au zaidi; maji yakisoma alama moja pande zote mbili, wapo kwenye kimo kimoja. Kinachoharibu kazi ni mapovu ya hewa ndani ya bomba. Yapo, kipimo ni uongo. Asiye na mpira anatengeneza fremu ya herufi A kwa fito mbili za kama mita mbili na kipande cha kukatiza, kisha ananing'iniza jiwe kwa uzi kutoka kileleni. Haijalishi miguu ikiwa si sawasawa. Anaisimamisha, anaweka alama pale uzi unapogusa kile kipande, anageuza fremu ili mguu wa kulia ukanyage penye wa kushoto, anaweka alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndipo penye usawa. Kutoka hapo anatembea nayo mguu baada ya mguu, akipigilia kigingi kila uzi unapotulia katikati. Gharama yake ni uzi.

Kama chombo ni rahisi hivi, mbona mashamba mengi hayana mifereji hii? Sehemu ya jibu ni kumbukumbu. Mto Ruvu unaopita nchi hii kwenda Bagamoyo unaanzia Uluguru, na huko Uluguru miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha watu kuchimba matuta ya ngazi kwa amri na faini. Udongo wa juu wa milimani ni mwembamba, kuuchimba kulileta juu ule usio na rutuba, na kazi iliwaangukia watu waliokuwa na mashamba ya kulima. Mwaka 1955 ghasia zikazuka Matombo, polisi wakapiga risasi, mtu akafa, na mpango ukafa. Kwa kizazi kizima tuta halikuwa istilahi ya kilimo, lilikuwa kesi.

Kumbe wakati uleule, Machakos nchini Kenya, neno lilikuwa linazaliwa ambalo hadithi yake ni kinyume. Wakulima huko walikuwa wanachimba mfereji kwa kufuata kontua na kuutupa udongo upande wa juu, ukawa tuta. Mvua na jembe vikilijaza nyuma yake, baada ya miaka shamba linakuwa ngazi bila mtu kuchimba ngazi. Waliuita fanya juu. Ndugu yake, fanya chini, unatupa udongo upande wa chini. Ni rahisi kwa mgongo wa mchimbaji, lakini ngazi haijengeki upesi. Leo vitabu vya hifadhi ya udongo vya Kiingereza vinaandika fanya juu kama ilivyo, na Ethiopia, wasikosema Kiswahili, wanachimba fanya juu. Wao wamekopa amri yetu nzima, kitenzi na kielezi chake, nasi kwenye semina zetu bado tunanunua maneno kwao kwa bei ya jumla.

Kwa hiyo msamiati upo. Unataka kugawanywa tu. Ningeyaachia makinga maji ule mfereji sawa wenye ncha zilizozibwa, kwa maana ya kupokea, na ule unaoinama ningeuita mchepusho, kwa kuwa tayari tunasema kuchepusha mto. Fundi akiambiwa "huku juu mchepusho, hapa kati makinga maji matatu, fanya juu, mabingobingo kwenye tuta" anajua achimbe nini, apime namna gani na aache wazi wapi. Barabara ya shamba ipite mgongoni mwa mwinuko au chini ya tuta, kwa kulifuata. Lambo liwe mwisho, baada ya ile njia ya maji yenye nyasi, vinginevyo linajaa tope kabla halijajaa maji.

Kuna jambo moja ambalo mchoro wa ndani ya uzio hauliwezi. Kontua haijui mpaka. Viwanja vinapimwa kwa pembe nne, vyembamba, vikishuka na mteremko, na mfereji wako unaishia kwenye vigingi vya jirani ambaye maji yake yanakujia hata kama wewe umechimba vizuri. Tena katika vijiji vingi vya huku wapo wafugaji, na ng'ombe wakienda kunywa hawafuati kontua; wanashuka moja kwa moja, kila siku njia ileile, hadi njia inakuwa mfereji mrefu kuliko wowote uliochimbwa na mtu. Mpango wa matumizi bora ya ardhi wa kijiji unaweza kuwatengea mapito. Wakati wa kuuchora, mjumbe mmoja aje na mpira wa maji.